TCRA ndiyo inayopanga bei ya bando? Na mbona ndiyo hiyohiyo inayofunga mitandao?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kibanda cha vocha na usajili wa laini hapa Morogoro. Bando likipunguzwa, wateja wananigombeza mimi, nami nawaambia waende TCRA. Sasa wananiuliza: hizi bei TCRA ndiyo inazipanga au haizipangi? Kama ipo kwa ajili ya kutulinda sisi, mbona ndiyo inayofunga mitandao na vyombo vya habari? Na mwenye malalamiko afuate njia gani mpaka asikilizwe?

Jibu: Nawe habari za kazi, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, lakini mzizi wake ni mmoja: leseni. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) haiuzi bando, haikuunganishii simu, wala haina ofisini kwake kitufe cha kuzimia intaneti. Ilichonacho mkononi ni leseni za wengine. Inazitoa, inaziwekea masharti, inatoza faini, inazisimamisha na kuzifuta. Kampuni iliyozamisha mabilioni kwenye minara inajua kwamba bila karatasi ile hakuna biashara, kwa hiyo barua ya TCRA ikifika hutekelezwa kwanza, maswali baadaye. Nguvu hiyohiyo inayoweza kumlazimisha mwenye mtandao akurudishie fedha zako ndiyo inayoweza kumlazimisha akufungie WhatsApp. Ukilishika hilo, mengine yote yanajipanga.

TCRA iliundwa kwa Sheria Na. 12 ya 2003 na kuanza kazi Novemba mwaka huo, kwa kuunganisha Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, ambayo wengi huiita kwa kifupi EPOCA, na ndiyo inayotumika kila siku. Inahusu simu, intaneti, redio, televisheni, posta, masafa ya mawimbi na namba za simu. Mawasiliano ya simu ni jambo la Muungano, hivyo laini iliyosajiliwa Pemba iko chini ya TCRA sawa na ya Morogoro. Utangazaji wa redio na televisheni Zanzibar una tume yake. Wengi hawalijui hilo, na barua nyingi hupelekwa pasipo pake.

Kwa upande wa uongozi, mwenyekiti na makamu wake huteuliwa na Rais, kwa utaratibu kwamba mmoja akitoka Bara mwingine atoke Zanzibar. Kanuni zinazotekeleza EPOCA hutungwa na waziri. Hapo ndipo maneno ya "mamlaka huru" yanapoanza kulegea. Aprili 2016 Rais Magufuli alimwondoa mkurugenzi mkuu na kuivunja bodi, akilalamikia mkataba wa mtambo wa TTMS wa kuhesabu simu na miamala ambao haukuwa umetekelezwa wote, jambo ambalo kwa maelezo ya Ikulu liliinyima serikali takriban shilingi bilioni 400 kwa mwaka. Iwe Rais alikuwa na haki au hakuwa nayo, kila aliyekalia kiti kile baadaye alijifunza anayeweza kumwondoa yuko wapi.

Leseni zenyewe tangu 2005 zimegawanywa kwa kazi. Ya kwanza ni ya miundombinu: minara, nyaya za faiba, mitambo ya kurushia matangazo. Ya pili ni ya kuendesha mtandao juu ya miundombinu hiyo. Ya tatu ni ya huduma anazouziwa mwananchi, kama kupiga simu na intaneti. Ya nne ni ya maudhui: redio, televisheni, na tangu 2018 hata habari za mtandaoni. Kampuni kubwa ya simu huwa na tatu za mwanzo kwa pamoja. Redio ya wilayani ina ya nne tu, nayo hukodi nafasi ya kurusha kwa mwenye miundombinu. Leseni hizo pia zina ngazi, za kimataifa, kitaifa, mkoa, wilaya na jamii, na ada hutofautiana kwa ngazi. Masafa ni kibali kingine kabisa, na makubwa siku hizi hunadiwa: mnada wa Oktoba 2022 uliiingizia serikali takriban dola milioni 187 kwa masafa ambayo mengine ndiyo yanayobeba 4G na 5G.

Sasa bei. TCRA haipangi bei ya bando mojamoja. Hufanya tathmini ya gharama za kuendesha mtandao, kisha inaweka sakafu na dari. Kwa data, kiwango kilichotangazwa na ambacho serikali imekitaja mara nyingi ni kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Chukua kikokotoo. GB moja ni MB 1,024. Kwenye sakafu ni shilingi 2,079, kwenye dari ni shilingi 9,574. Kwa hiyo bando la GB 1 likipanda kutoka 2,500 hadi 3,500, mteja wako ameumia kwa asilimia 40, lakini kwa kitabu cha TCRA hakuna kosa lolote lililotendeka. Bei bado iko karibu na sakafu kuliko dari. Hapo ndipo mazungumzo kati ya wananchi na mamlaka yanapopishana kila mara. Mwananchi analinganisha leo na jana. Mamlaka inalinganisha na mipaka yake. Kwa maoni yangu, mpaka ambao dari yake ni zaidi ya mara nne ya sakafu hauwezi kumlinda mtumiaji dhidi ya kupanda kwa bei. Unachofanya vizuri ni kuzuia kampuni kubwa isiuze chini ya gharama mpaka wadogo wafe.

Tukio la Aprili 2021 linaonyesha hali halisi. TCRA ilikuwa imetoa kanuni ndogo za vifurushi baada ya malalamiko mengi, na zikaanza kutumika tarehe 2 mwezi huo. Makampuni yakapanga bando zao upya kufuata kanuni, na bei za bando nyingi zikaruka. Watu wakafoka mitandaoni tangu asubuhi. Serikali ikaagiza kusitishwa, bei za awali zikarudi. Kanuni iliyotungwa kumsaidia mteja ilimpandishia gharama, na aliyeamua mwisho wake hakuwa mdhibiti. Kosa la kiufundi lilikuwa rahisi kulitabiri: unapopunguza aina za bando na kudai kila moja ifuate sakafu, zile za ofa ambazo zilikuwa chini ya sakafu lazima zipande.

Kuna kipande kingine cha bei ambacho TCRA haina mkono nacho, nacho ni kodi. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka mingi, huduma ya mawasiliano ilitozwa ushuru wa bidhaa asilimia 17, kisha juu ya jumla hiyo ikaja VAT asilimia 18. Mteja akitoa shilingi 1,000, gawanya kwa 1.18 upate 847, gawanya tena kwa 1.17 upate 724. Yaani karibu shilingi 276 zimekwenda serikalini kabla kampuni haijalipia mafuta ya jenereta ya mnara. Vivyo hivyo tozo ya miamala iliyoanza Julai 15, 2021 ilitoka kwenye sheria ya fedha ya Bunge. TCRA ilitukanwa bure kwa ile.

Na ipo kazi moja ya bei ambayo TCRA iliifanya vizuri na haishukuriwi: gharama ya mwingiliano, yaani kile mtandao wako unachoulipa mtandao mwingine kwa kuupokelea simu. Kabla ya Machi 2013 ilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Ikashushwa hadi 34.92, ikapungua kidogokidogo mpaka 26.96 mwaka 2017, kisha ikakatwa kwa kishindo: 15.60 Januari 2018, 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021 na 2.00 mwaka 2022. Unakumbuka enzi za kutembea na simu ya laini tatu, kila mtandao na watu wake? Chanzo kilikuwa ile 112. Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo mwenye wateja wengi alizidi kuwavuta wengine kwake. Leo dakika za mitandao yote zinauzwa bando moja kwa sababu kizingiti hicho kimeondolewa. Makampuni makubwa hayakufurahi, maana wao ndio waliokuwa wakipokea simu nyingi.

Kuhama mtandao bila kubadili namba, kulikoanza Machi 1, 2017, hakukuleta mageuzi ya namna hiyo. Utaratibu wenyewe si mgumu: mteja anakwenda kwa wakala wa mtandao anaotaka kuhamia, anajaza fomu, anatuma neno HAMA kwenda 15080. Kinachokwamisha ni madeni ya salio la kukopa ambayo hayajalipwa, na usajili wa laini usiolingana na kitambulisho. Lakini hata pasipo hitilafu wengi hawahami, kwa kuwa akaunti ya fedha ya mtandao wa zamani haihami na mteja. Namba inaweza kuhama, ila wakala wa fedha aliyemzoea, mkopo anaostahili kwa historia yake na akiba ya kikundi vinabaki kule. Kwa mwenye biashara hilo ni zito kuliko namba.

Nikuseme kidogo wewe mwenyewe, maana unasajili laini. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, mwisho ukawekwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Lawama kubwa wakati ule ilikuwa kwamba mamlaka iliweka tarehe ilhali NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, haijawapa watu namba. Mwananchi aliadhibiwa kwa foleni isiyo yake. Lawama ya leo ni tofauti. Usajili ulikusudiwa kuua utapeli, lakini meseji za "tuma kwenye namba hii" bado zipo. Sababu mojawapo iko kwenye vibanda. Wakala asiye mwaminifu anamwambia mteja, hasa mzee, "alama haijasoma, weka tena kidole", na kwa kidole cha pili anasajili laini nyingine ambayo baadaye inauzwa kwa matapeli. Mteja akihisi hivyo apige *106#, ataona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwenye mtandao ule. Arudie kwa kila mtandao anaoutumia. Akikuta asiyoitambua, aende duka la kampuni akaifute siku hiyohiyo, kwa sababu polisi wakifuatilia utapeli watamfikia yeye. Meseji ya utapeli hutumwa kwenda 15040 pamoja na namba iliyoituma, ili ifungiwe. Huduma hizi zote si za kulipia.

Simu bandia nazo zilizimwa Juni 16, 2016. Ukiuza au ukinunua simu ya mkononi mwa mtu, piga *#06#, chukua tarakimu 15 zinazotokea, zitume kwenda 15090, utajibiwa ni simu gani. Jibu likitaja aina tofauti na iliyoandikwa mgongoni, iache. Na simu kutoka Ulaya au Uarabuni ikiingia kwa namba ya ndani ya 07 au 06, kuna mtu ameiingiza kwa njia ya panya: simu imefika kwa intaneti, ikapitishwa kwenye kifaa chenye laini nyingi za hapa nyumbani, na malipo ya kimataifa yamekwepwa. TTMS ilinunuliwa kukamata hayo. Wapo wanaoamini kwamba mtambo huo unasikiliza mazungumzo. Kazi yake iliyotangazwa ni kuhesabu: nani kampigia nani, dakika ngapi, kupitia njia gani. Hata hivyo kumbukumbu za namna hiyo nazo ni siri ya mtu, na ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilihitajika.

Tufike penye moto: maudhui.

Kwenye redio na televisheni hakuna jambo geni. Kuna Kamati ya Maudhui inayoita kituo, inasikiliza utetezi, inaonya au inatoza faini. Mwaka 2018 mambo yalihamia mtandaoni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya YouTube alipe shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Ukijumlisha ni milioni 2.1, kwa kijana mwenye kamera moja na kompyuta. Mashirika sita ya haki na habari yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara, yakapata zuio la muda mwanzoni mwa Mei, na kabla mwezi haujaisha shauri likatupwa. Juni, TCRA ikawaagiza wasiosajiliwa waache kuchapisha, na jukwaa la mijadala la JamiiForums likazimika kwa muda. Waliofunga kimyakimya ni wengi zaidi, wakiwemo waliokuwa wakiandika habari za wilaya ambazo gazeti la Dar haliziandiki.

Kanuni mpya za 2020 ziliongeza ukali: amri ya kuondoa chapisho itekelezwe ndani ya saa mbili, badala ya saa 12 za awali. Marekebisho ya 2022 yakalegeza upande wa fedha, ada ikashuka hadi 500,000, na wasioandika habari na matukio wakaondolewa kwenye sharti la leseni. Haki inataka hilo litajwe. Lakini fimbo ya kusimamisha leseni ilibaki ilivyo, na imetumika. Televisheni ya mtandaoni iitwayo Kwanza TV ilisimamishwa miezi 11 Julai 2020 kwa kuchapisha tahadhari ya ubalozi wa Marekani kuhusu korona. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni mjongeo ya The Citizen iliyogusa habari za watu kutekwa na kuuawa. Septemba 2025 JamiiForums ikafungiwa siku 90.

Tatizo langu na adhabu hizi ni la kitaalamu kabla ya kuwa la kisiasa. Mdhibiti wa maudhui anapaswa kuonyesha kifungu kilichovunjwa, madhara yaliyotokea, na kwa nini adhabu inalingana na kosa. Vifungu vyenyewe vina maneno mapana, mfano maudhui yanayoweza kuleta taharuki au kudhalilisha, ambayo mtu yeyote anaweza kuyanyoosha apendavyo. Na kusimamisha chombo kizima kwa chapisho moja ni kuziba barabara nzima kwa kosa la dereva mmoja. Faini au amri ya kuondoa chapisho ingetosha kwa mengi ya hayo.

Kufunga mitandao kunafanyika hivi. TCRA inatuma maelekezo kwa kila mwenye leseni ya mtandao. Kwenye chumba cha mitambo cha kampuni kuna ngazi tatu za kuchagua. Ya kwanza ni kuharibu kitabu cha anuani: ukiandika jina la tovuti, seva ya kampuni inakataa kukupa anuani yake. Hii hukwepeka kwa kubadili mpangilio wa DNS kwenye simu. Ya pili ni kuchuja kwa mitambo inayotazama kila kipande cha data kinakwenda wapi. Hiyo huiua programu moja, mfano X (zamani Twitter), na kuacha nyingine, na ndiyo inayowafanya watu wakimbilie VPN, yaani programu inayoficha unakokwenda mtandaoni. Ya tatu ni kuondoa njia zenyewe, intaneti yote ya simu ikafa, na VPN nayo haisaidii kitu.

Ngazi zote tumeziona au kuzisikia. Oktoba 2020, kuelekea uchaguzi, makampuni yaliagizwa kusitisha meseji na simu za kutuma kwa wingi kuanzia tarehe 24 hadi Novemba 11, na mitandao ya kijamii ikabanwa. Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Mei 2025 X ikafungwa, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa. Maelezo ya serikali yaliyokuja baadaye yalitaja maudhui ya ngono. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikakatika nchi nzima na haikuanza kurejea mpaka siku kama tano baadaye. Wewe wa kibandani unajua maana yake: mauzo ya bando yalisimama, na huduma za fedha zinazotegemea data nazo zikakwama.

Mbona kampuni haikatai? Kwa sababu ya leseni, kama nilivyosema mwanzo. Kampuni ikienda mahakamani, hata ikishinda, itakuwa imegombana na anayehuisha leseni, anayegawa masafa na anayeidhinisha bando. Kenya wana mdhibiti wa aina hiyohiyo na tabia zinazofanana: Januari 30, 2018 vituo vya NTV, KTN na Citizen vilizimwa kwa kuonyesha Raila Odinga akijiapisha, na Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kurusha maandamano mubashara. Tofauti ni kilichofuata. Safari zote mbili Mahakama Kuu ilitoa amri dhidi ya hatua hizo, ile ya 2025 siku hiyohiyo, ingawa 2018 serikali ilichelewa kutii. Katiba yao ina kifungu cha 34 kinachotaja uhuru wa vyombo vya habari na chombo huru cha kuvisimamia. Kwetu mlango wa mahakama upo, lakini ni wachache wenye leseni wanaothubutu kuubisha.

Sasa njia ya malalamiko, uibandike kibandani. Kwanza jua kama jambo ni la TCRA kweli. Fedha za simu zilizotumwa kimakosa, au akaunti ya fedha iliyofungwa: kampuni kwanza, kisha Benki Kuu, kwa kuwa malipo ya simu yako chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2015. Kodi na tozo: TRA na Hazina. Namba na taarifa za mtu kusambazwa bila ridhaa: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Yanayobaki, yaani bando, salio lililokatwa, mtandao hafifu, laini iliyofungwa, meseji za kujiunga na huduma ambazo hukuziomba, ni ya TCRA.

Kabla ya kulalamikia bando lililoisha haraka, mteja afungue mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, aone ni programu gani imekula. Mara nyingi ni masasisho ya programu yanayojiendesha usiku, picha za WhatsApp zinazojipakua, au video zinazocheza zenyewe. Hesabu ya simu ikisema MB 300 na kampuni ikasema GB 1, hapo ana hoja. Akumbuke pia kwamba kanuni zinaitaka kampuni imjulishe matumizi yanapofika asilimia 75 na asilimia 100, na isimhamishie kwenye bei ya nje ya bando bila yeye kukubali. Salio lililoliwa kimyakimya baada ya bando kuisha ni kosa linalothibitika kwa urahisi kuliko la "bando limepunguzwa".

Aanze kwa kampuni, kwa kupiga 100. Asikate simu kabla ya kupewa namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Bila hiyo TCRA itamrudisha alikotoka, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Aandike tarehe, saa, kiasi, na ahifadhi meseji ya kununua bando pamoja na picha ya skrini ya matumizi. Kampuni isipojibu au ikijibu ovyo, apige 0800008272 bila malipo. Tarakimu nne za mwisho ukizisoma kwa herufi za kibonyezo zinatoka TCRA, kwa hiyo hazisahauliki. Au apeleke barua ofisi ya kanda: zipo Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya na Zanzibar. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, ni chombo tofauti kilichowekwa na sheria kuwasemea watumiaji. Halitoi hukumu, lakini malalamiko ya watu kumi wa mtaa mmoja kuhusu mnara uleule yakipitia huko yanasikika kuliko ya mmoja.

TCRA ikishaamua na mteja hakuridhika, rufaa yake ni kwa Baraza la Ushindani, ambalo mwenyekiti wake ni jaji. Huko hauendi kusema umeonewa tu. Sababu zinazokubalika ni kwamba uamuzi haukutokana na ushahidi uliotolewa, umekosea sheria, haukufuata utaratibu, au mamlaka haikuwa na uwezo wa kuutoa. Ndiyo maana nimesisitiza namba ya kumbukumbu na picha za skrini: asiye na kitu cha kuonyesha kwenye hatua ya kwanza hatakuwa na cha kukatia rufaa kwenye ya mwisho.